Maswali ya Wasomaji: Mlango wa kalsiamu ambao hamira haina ila kijidudu cha malale kinao

Haya jamani, tumerudi. Toleo lililopita mtu aliuliza swali dogo tu kuhusu mitokondria, zile jenereta ndogo za ndani ya seli, na mimi nikamjibu haraka haraka kwamba mitokondria "inafyonza kalsiamu muda wote kama sponji". Meseji zilizofuata ndo zikanijulisha kumbe ukurasa huu unasomwa na watu wenye digrii zao. Nimekosea, nakubali. Leo nimeweka maswali yote ya kundi hilo pamoja, mengine nimeyafupisha maana kuna ndugu yetu mmoja aliandika kurasa nne na swali lenyewe likaja mstari wa mwisho.

*Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili, nasoma maabara ya tiba. Ulisema sponji, lekchara wetu akacheka darasa zima, anasema mitokondria ya seli iliyotulia haichukui karibu chochote. Sasa nani mkweli? Na kama ni mlango, nani anaufungua?*
*Aliyechanganyikiwa, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Lekchara wako ndo mkweli, sponji ilikuwa yangu na leo naifuta. Ila ukitaka kuelewa kwa nini haiwezi kuwa sponji inabidi tupige hesabu kidogo, usikimbie, ni ya darasa la saba.

Anzia nje ya seli. Kwenye majimaji yanayoizunguka, kalsiamu iliyo huru ni milimola 1 na kidogo. Ndani ya seli iliyotulia ni kama nanomola 100 tu. Hapo kuna tofauti ya mara 10,000 na zaidi, na seli inachoma ATP, yaani mafuta yake ya kazi, usiku na mchana kuilinda hiyo tofauti, kalsiamu ikichungulia inasukumwa nje au inafungiwa kwenye retikulamu ya endoplazimu ambayo ndo ghala. Kwa nini ihangaike hivyo? Kwa sababu kalsiamu kwa seli ni hodi. Neva inabisha, homoni inabisha, kalsiamu inapanda ghafla, seli inajua kuna mgeni. Nyumba yenye kelele kutwa nzima nani atasikia hodi?

Sasa ingia kwenye mitokondria. Ina tando mbili. Wa nje una matundu makubwa, kalsiamu inapita bila usumbufu. Wa ndani ndo ukuta wenyewe, na huo ukuta una umeme, upande wa ndani ni hasi kwa kama milivolti 180. Umeme huo ndo unatengenezea ATP, kwa hiyo hauzimwi. Kalsiamu ina chaji chanya mbili, na kwa ioni ya chaji mbili kila milivolti 30 hivi zinairuhusu irundikane mara 10 zaidi upande wa hasi. Gawa 180 kwa 30 unapata 6. Kumi ikizidishwa yenyewe mara sita ni milioni. Yaani ukiacha mlango wazi ukasubiri, kalsiamu ya ndani ya mitokondria ingefika mara milioni ya ile iliyoko nje yake, nanomola 100 mara milioni ni mola 0.1. Kwa kiasi hicho, na fosfati iliyojaa mle ndani, hiyo sio mitokondria tena, hiyo ni chokaa.

Umeona ugomvi ulipo? Nguvu ya kuvuta ipo tayari na imezidi. Shida ya seli sio namna ya kuingiza kalsiamu, shida ni namna ya kuizuia isiingie mpaka pawe na sababu. Ndo maana jibu la "sponji" lilikuwa baya kuliko nilivyodhani, limegeuza jambo lote kichwa chini.

Mlango wenyewe unaitwa MCU. Ni protini nne za aina moja zimesimama pamoja kwenye ule utando wa ndani zikaacha tundu katikati, na pembeni kuna kiprotini kidogo kinaitwa EMRE ambacho kwa sisi wanyama mlango haufanyi kazi bila chenyewe. Tundu hilo linachagua sana, sodiamu na potasiamu zimejaa tele pale nje lakini linachukua kalsiamu. Halafu mdomoni mwa tundu, upande unaotazama nje, wamekaa walinzi wawili wameshikana, MICU1 na MICU2. Hawa wana viganja vya kushikia kalsiamu. Ikiwa chache viganja viko vitupu na wao wamekaa juu ya tundu kama kifuniko kwenye sufuria. Kalsiamu ikipanda, ikianza kukaribia mikromola 1 (yaani nanomola 1,000) na kuendelea, viganja vinajaa, umbo la walinzi linabadilika, wananyanyuka, tundu liko wazi. Na hawafunguki kidogo kidogo kama bomba, kalsiamu ikiongezeka mara mbili kinachoingia kinaongezeka zaidi ya mara mbili. Chini ya kizingiti kimya, juu ya kizingiti mafuriko.

Niseme ukweli, kuna ubishi. Mwaka 2021 kundi moja linalopima mkondo wa umeme wa mlango huu moja kwa moja liliandika kwamba MICU1 haifuniki kitu, inachofanya ni kuongeza kasi kalsiamu ikishapanda. Mimi naegemea kifuniko, maana picha za 2020 zilizopigwa kwa darubini ya elektroni kwenye baridi kali zinamwonyesha MICU1 amekaa pale pale juu ya tundu wakati kalsiamu iko chini. Lekchara wako akiegemea upande mwingine usimbishie kabla ya mtihani.

Kuna kitu kimoja kiliwasumbua watu miaka mingi hapa. Kizingiti kiko juu, sawa, lakini hata seli ikibishiwa hodi kalsiamu ya kawaida ya saitoplazimu, yale majimaji ya ndani ya seli, inapanda hadi mikromola 1 hivi au hata chini, sasa mlango mzito hivi unafunguka lini? Jibu lilitoka Padova, Italia, kwa Rosario Rizzuto na wenzake. Walichukua protini inayong'aa ya konyeza, yule wa baharini anayewasha, wakaielekeza ikae ndani ya mitokondria, na mwaka 1992 wakaona seli ikichokozwa mitokondria inawaka kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Sababu ni ujirani. Mitokondria nyingi zimebanana na ghala, mlango wa ghala ukifunguka kalsiamu kwenye kale kauchochoro katikati yao inafika mikromola 10 na zaidi kwa muda mfupi. Hodi haipigwi barabarani, inapigwa mdomo ukiwa umegusa mlango.

*Kuna watu wanazaliwa bila huyo mlinzi MICU1?*
*Meseji bila jina*

Wapo, wachache. Mwaka 2014 ilitolewa ripoti ya watoto wa familia kadhaa ambao jeni ya MICU1 iliharibika kwa pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Misuli dhaifu, kujifunza kwa shida, na wengine mikono na miguu inajiendea yenyewe bila kutaka. Seli zao zilipopimwa, mitokondria zilikuwa na kalsiamu nyingi hata seli ikiwa imetulia. Sababu nyingine hiyo ya mimi kuegemea kifuniko.

*Mwalimu salaam. Babu yangu alikuwa mrina asali huko Urambo, mbung'o walimng'ata sana na aliugua malale akiwa kijana, bahati alipona. Juzi nimesikia mtu akisema eti ugonjwa wa malale ndo umesaidia kujua mlango wa kalsiamu wa binadamu. Ni kweli au ni stori za vijiweni?*
*Mjukuu wa Mrina, Tabora*

Hii ni kweli kabisa na ndo stori ninayoipenda kuliko zote kwenye ukurasa wa leo, kaa nikupe taratibu.

Kwamba mitokondria inameza kalsiamu ilijulikana mwaka 1961 na 1962, huko Marekani, kwa mitokondria za figo za panya. Baadaye ikajulikana kuna rangi moja nyekundu, ruthenium red, ukiitia inaziba kabisa. Mwaka 2004 pale Boston, Kirichok, Krapivinsky na Clapham wakamenya utando wa nje wa mitokondria moja moja wakaweka ncha ya kioo kwenye ule wa ndani wakapima mkondo, wakathibitisha kwamba hili ni tundu halisi la ioni. Lakini protini gani? Jeni gani? Hakuna aliyejua. Watu walijaribu kuichuja kwa kemia miaka nenda rudi, haitoki, ni chache mno katikati ya protini nyingine.

Sasa fikiria wewe ni fundi pikipiki. Umeletewa mbili, moja inapiga honi, nyingine haijawahi kupiga honi tangu kiwandani. Hujui honi inafananaje. Unafanya nini? Unazifungua zote mbili, unapanga vyuma chini kwenye turubai, kila chuma kilichopo kwenye zote mbili unakitupa pembeni, maana hicho sio honi. Vinavyobaki upande wa ile inayopiga ndo unavijaribu kimoja kimoja.

Pikipiki isiyo na honi ni hamira. Ndiyo, hamira hii hii ya mandazi, ina mitokondria nzuri tu lakini haina mlango huo wa kalsiamu. Na inayopiga honi ni trypanosoma, kijidudu cha malale na ndugu zake. Mwishoni mwa miaka ya 80 watafiti wa Amerika walishaonyesha kwa ndugu yake wa Amerika Kusini, yule asiyebebwa na mbung'o bali na mdudu mwingine, kwamba mitokondria yake inameza kalsiamu na ile rangi nyekundu inaiziba vile vile kama kwetu. Kijidudu kilichotengana na ukoo wetu zamani za kale, hata hamira iko karibu na sisi kuliko chenyewe, lakini mlango ule ule kinao! Maana yake mlango ni wa kale sana na hamira ndo iliupoteza njiani.

Mwaka 2008 kundi la Vamsi Mootha, Boston hapo hapo, likatoa orodha ya protini zaidi ya 1,000 za mitokondria. Orodha ikishakuwepo kazi ni kama ya fundi, futa zilizoko kwenye hamira, bakiza zilizoko kwa wanyama na kwa trypanosoma pia. Zikabaki chache. Wakachukua 13 za juu wakazizima moja moja kwenye seli za binadamu na kutazama kama kalsiamu bado inaingia. Ilipozimwa moja, kalsiamu ikagoma kuingia. Hiyo ndo MICU1, mwaka 2010. Lakini ukiitazama ilivyo haifai kuwa tundu lenyewe, ni mlinzi tu, tundu liko wapi? Mwaka 2011 makundi mawili, hao wa Boston na wale wa Padova, kila mmoja kwa njia yake wakafika kwenye protini ile ile, MCU, na wakachapisha kwenye toleo moja la jarida la Nature. Toka 1961 mpaka 2011, hesabu mwenyewe, miaka 50 watu wanaona maji yanapungua kwenye ndoo na hawaoni tundu.

Na kijidudu chenyewe? Mwaka 2013 walijaribu kuupunguza mlango huo kwa Trypanosoma brucei, huyu wa kwetu wa mbung'o, kikashindwa kukua vizuri. Ni kazi ya maabara, sio dawa, usimwambie mtu aache hospitali. Ila mwambie babu, kama bado yupo, kwamba wale waliomlaza kitandani wamefanya kazi moja ya maana.

*Habari Mwalimu, mimi ni mkimbiaji, nafanya mazoezi Iten. Najua kalsiamu ndio inaambia msuli ujikaze. Sasa kama mitokondria inaichukua hiyo hiyo kalsiamu, si inaiba amri kabla msuli haujaisikia?*
*Kiatu Kimoja, Eldoret*

Mzuri sana. Swali zuri, na jibu ni hapana, haiibi, inasikia amri hiyo hiyo kwa sikio lake.

Nenda kwa mama ntilie saa saba mchana. Mteja anaita "wali samaki mbili!" na sauti hiyo moja inasikika sehemu mbili, anayepakua anapakua na aliyeko jikoni anaongeza mkaa maana anajua sufuria itaisha. Hakuna anayekwenda kumwambia wa jikoni kivyake. Kwenye msuli neva ikipiga, ghala linamwaga kalsiamu, nyuzi za msuli zinavutana na zinakula ATP. Kalsiamu hiyo hiyo inabisha kwa mitokondria jirani, na ikiingia inachochea vimeng'enya vitatu vya kuchoma chakula, mmoja ni ule unaopitisha piruvati, yaani sukari iliyokwisha kukatwa, kuingia kwenye mzunguko wa Krebs, ile duru ya kuchoma chakula ndani ya mitokondria, na wawili wako ndani ya mzunguko wenyewe. Hii ilifanyiwa kazi sana Bristol, Uingereza, na akina Denton na McCormack, toka miaka ya 70. Kazi na mafuta ya kazi vinaagizwa kwa mpigo mmoja.

Mwaka 2013 walitengeneza panya wasio na MCU kabisa. Ungetegemea wafe. Hawakufa, walizaliwa wadogo kidogo, wanakula, wanatembea. Wakitulia huwezi kuwatofautisha kirahisi, ila ukiwapa kazi nzito ya misuli nguvu yao ya juu iko chini ya wenzao. Kwa mkimbiaji hiyo inaeleweka, tofauti haionekani kwenye kutembea sokoni, inaonekana kilomita za mwisho kwenye mlima.

Jambo moja la pembeni, mlango huu hauko sawa mwili mzima. Misuli ya miguu yako inao kwa nguvu sana, moyo unao kwa uchache mno. Moyo unapiga kama mara 100,000 kwa siku, kila pigo na kalsiamu yake, na mitokondria zimejaza kama theluthi ya seli ya moyo. Zingekuwa zinameza kwa pupa kila pigo lingebaki nini cha kuukaza moyo?

*Shikamoo mwalimu, nina mimba ya miezi mitano, kliniki wamenipa vidonge vya kalsiamu. Dada mmoja kanitumia kwenye grupu kwamba kalsiamu nyingi inaua seli kwa kujaza mitokondria. Naogopa, nimeviacha kwenye droo. Mimi pia nakula dagaa kila siku.*
*Mama K, Mwanza*

Marahaba mama K, vitoe kwenye droo leo leo.

Huyo dada amechukua kitu cha kweli akakipeleka mahali pasipo pake. Kalsiamu unayomeza inaingia kwenye damu, na damu ina wasimamizi wake, homoni ya paratiroidi na vitamini D, wanashika kiwango ndani ya uwanja mwembamba sana, kikizidi kinakwenda mfupani au chooni, kikipungua kinakopwa mfupani. Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili wako iko kwenye mifupa na meno. Halafu kutoka damu kuingia kwenye seli kuna ukuta mwingine, na kutoka hapo kuingia mitokondria kuna mlango tuliousema. Kidonge hakiruki kuta zote hizo. Mitokondria yako haijui kama jana ulikula dagaa au ulikunywa chai kavu, inajua tu kilichotokea uchochoroni pale jirani na ghala.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1.5 mpaka 2 za kalsiamu kwa siku kwa wajawazito wa maeneo ambayo chakula kina kalsiamu kidogo, kupunguza hatari ya kifafa cha mimba, na hicho ndo cha kuogopa. Kama una vidonge vya madini ya chuma pia usivimeze pamoja kwa mpigo, viachanishe masaa kadhaa, na waulize kliniki wakupangie. Dagaa endelea nao, ukila na miba yake ndo kwenye kalsiamu.

*Baba yangu mshipa wa moyo uliziba. Walimfungulia, lakini daktari akasema sehemu ya moyo ilikufa, na nyingine ikafa hata baada ya damu kurudi. Sikuelewa. Damu ikirudi si ndio uzima umerudi?*
*Binti yake, Mombasa*

Pole sana dada. Nitajibu hili kwa kukuonyesha kitu nilichokiona kwa macho, maana bila hivyo ni maneno tu.

Nilipokuwa chuo nilifanya jaribio la mitokondria za ini la panya. Ini linasagwa kwenye barafu, linazungushwa kwenye mashine, unabaki na kijitope cha rangi ya kahawia, ndo mitokondria hizo. Unazitia kwenye kikopo cha kioo chenye chakula chake na rangi inayong'aa ikiiona kalsiamu iliyoko nje ya mitokondria. Ukitia tone dogo la kalsiamu, mstari kwenye skrini unaruka juu, halafu taratibu unashuka mpaka chini, zimeimeza. Tone la pili, juu, chini. La tatu, juu, chini. Unaanza kuchoka, unaona kumbe hizi zinakula tu. Halafu tone fulani, kwangu lilikuwa la tisa, mstari unapanda na haushuki, unakaa, alafu unapaa wenyewe kwenda juu kabisa bila wewe kutia kitu. Zimetapika zote. Nakumbuka nilimwita mwenzangu nikidhani nimegonga meza. Siku iliyofuata nilitaka kurudia, umeme ukakatika mchana kutwa, barafu ikayeyuka, mitokondria zikaharibika kabla hata sijazigusa, jaribio likaishia hapo na ripoti nikaandika na tone langu moja la tisa.

Kilichotokea kwenye kikopo ni hiki. Mitokondria ina njia ya kutoa kalsiamu, protini inaitwa NCLX, iliyotambuliwa 2010, inaingiza sodiamu na kutoa kalsiamu, lakini kasi yake ni ndogo kuliko kasi ya mlango wa kuingilia ukiwa wazi. Ukiibwaga kalsiamu haraka inajaa. Ikijaa kupita kipimo, hasa kukiwa na sumu za oksijeni, linafunguka tundu jingine kubwa la hovyo kwenye utando wa ndani, lisilochagua kitu. Umeme unapotea, kutengeneza ATP kunakwama, mitokondria inavimba na kupasuka. Protini moja, saiklofilini D, ndo inayosaidia tundu hilo kufunguka, na dawa ya saiklosporini ikiishika tundu linachelewa.

Sasa rudi kwa baba. Mshipa ukiziba oksijeni haifiki, ATP inaisha, asidi inajaa. Seli katika kujitetea dhidi ya asidi inajikuta imejaza sodiamu, na kwa ajili ya sodiamu hiyo kalsiamu nayo inaingia na kubaki, pampu za kuitoa hazina mafuta. Lakini mitokondria wakati huo umeme wake umelegea, kwa hiyo haivuti kwa nguvu. Halafu mshipa unafunguliwa. Oksijeni inarudi, umeme wa mitokondria unarudi, zile milivolti 180 tulizopigia hesabu kule juu, na nje yake kumejaa kalsiamu mbali juu ya kizingiti. Mlango uko wazi kabisa, inavutwa yote kwa mkupuo, sumu za oksijeni nazo zimemwagika dakika hizo hizo. Tone la tisa. Hicho ndo daktari alichomaanisha, na mshipa usipofunguliwa yote inakufa, kwa hiyo walifanya kilichopaswa kufanywa na kila nusu saa waliyowahi iliokoa nyama ya moyo.

Saiklosporini walijaribu kweli kwa watu. Jaribio kubwa la Ulaya lenye wagonjwa kama 970, matokeo yakatoka 2015, dawa ilichomwa kabla tu ya kufungua mshipa. Haikusaidia. Na wale panya wasio na MCU tangu kuzaliwa nao, mioyo yao haikupona vizuri zaidi baada ya kuzibwa na kufunguliwa, ingawa panya waliozaliwa na mlango huo, ukaondolewa kwenye moyo wakiwa wakubwa, walinusurika zaidi. Inaelekea mwili uliokua bila mlango unatafuta njia nyingine ya kufa, sina namna nzuri zaidi ya kuliweka hilo.

*Mwalimu mimi sio msomi, nauza mandazi. Mume wangu kanisomea kwamba hamira haina mlango sijui wa nini. Mbona yangu inaumua vizuri tu?*
*Mama Mandazi, Tanga*

Hahaha, mama, hamira yako ni nzima, haina upungufu wowote. Kuumua ni kazi ya kuvunja sukari na kutoa gesi, na hiyo inafanyika nje ya mitokondria kabisa.

Ila kuna mambo mengine umesaidia bila kujua. Kwa kuwa hamira haina mlango, ndo mahali pazuri pa kuujengea. Mwaka 2014 watu wa Boston wakachukua MCU ya binadamu wakaipandikiza kwenye mitokondria ya hamira. Kimya, haimezi kitu. Wakaongeza na kale ka EMRE. Ikaanza kumeza kalsiamu, palepale. Ndo ikajulikana kwamba hivyo viwili peke yake vinatosha kuwa mlango, wale walinzi wengine ni wa kupanga tu lini ufunguke. Halafu wakachukua mlango wa kijidudu kimoja cha udongoni, wenyewe ukafanya kazi bila EMRE. Maandazi ya hiyo hamira hakuna aliyeyakaanga, nimetafuta.